Hesabu ya Mikoba Iliyoingia Chunguni

Mhezi, juu ya kanisa,
Same.
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Eva, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha, maana ulilelewa na mtu, hukulelewa na mgomba. Nami nakusalimu kwa salamu zote zilizomo katika nyumba hii. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakukohoza na baridi ya huko Mbeya kimepona? Unakula? Usinijibu "nakula, bibi" kama ulivyonijibu kwenye simu. Niambie unakula nini, saa ngapi, na nani anapika.

Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linajua mvua kuliko redio, na mwaka huu limesema kweli kila mara. Vuli imenyesha, maharage yamesimama vizuri, ndizi zinainama zenyewe. Mjomba wako Manase amepaka nyumba yake rangi ya kijani ya ajabu, lakini ukija usimwambie nimesema ya ajabu. Mwambie imependeza, halafu geuka upande mwingine.

Mwandiko wangu unaujua, unatambaa kama kobe aliyechoka. Uvumilie. Shule sikukanyaga hata siku moja. Herufi nilifundishwa na kitabu cha nyimbo na barua za babu yako Rubeni, alizokuwa akiniandikia kutoka kwenye mashamba ya mkonge kule chini. Nilichoka kusomewa mapenzi yangu na mzee wa kanisa, tena kwa sauti ya kuhubiri. Nikasema basi, haya nitayasoma mwenyewe.

Ningekupigia simu, lakini jambo hili nikikwambia kwa simu utacheka kabla sijafika panapouma, na salio litaisha bado unacheka. Tena mwalimu wako anataka karatasi. Basi karatasi ndiyo hii.

Ulinituma kazi, na kazi yenyewe naikumbuka vizuri. Mwalimu anataka kujua wasichana wa vyuo, mkoa kwa mkoa, wanapenda kubeba mkoba wa namna gani. Mwenzako mmoja anahesabu hapo Mbeya, mwingine Mwanza, mwingine Tanga, na wewe ukachukua Same kwa sababu una bibi anayeuza ndizi na maparachichi nje ya geti la chuo kila Jumanne na Ijumaa. Ukasema hesabu ya Same isipofika kabla ya tarehe kumi na nane, utarudia somo mwaka ujao. Mwaka mmoja ulishaupoteza ukimuuguza mama yako Beatrice, Mungu ampumzishe mwanangu, na hakuna aliyekulaumu. Wa pili sitaki uupoteze. Ndiyo maana nakuandikia hili kwa aibu, mimi nisiyeona aibu haraka: hesabu yako ya kwanza imeliwa.

Imeliwa, Eva. Nami nilikula sahani mbili.

Sasa usianze kulia. Tulia nikueleze tangu mwanzo.

Namba naziandika polepole, na wasichana hawamsubiri mwanamke mpaka amalize kuchora nane. Kwa hiyo nilichukua bakuli langu la bati lenye kifuniko, nikaliweka karibu. Akipita msichana mwenye begi la mgongoni, natia punje ya mahindi. Mwenye mkoba mkubwa wa begani, haragwe jekundu. Mwenye kile kipochi cha kamba ndefu kinachokatiza kifuani, choroko. Mwenye mfuko wa kitambaa ulioandikwa maneno, kunde. Mwenye kikapu cha kusukwa, njugu mawe. Asiye na kitu simtilii kitu, namhurumia tu. Na niliyekwisha kumtia simrudii, maana majina yananipotea lakini uso hauniponyoki.

Nilifanya hivyo Jumanne mbili na Ijumaa mbili za Novemba, na nakwambia kweli, sijawahi kufurahia biashara kama siku hizo. Nilikuwa sioni ndizi, naona mikoba.

Siku ya kwanza tu alipita mmoja mwenye kipochi kinachong'aa, kidogo, hata yai la kuchemsha lingeingia kwa kusukumwa. Nikamwita, nikampa ndizi, nikamuuliza humo anatia nini.

"Simu, bibi, na lipstiki."

"Na daftari?"

"Daftari liko kwenye simu."

"Na chakula cha mchana?"

"Nacho kiko kwenye simu, bibi. Nabonyeza tu, kinaletwa."

"Kwa hiyo simu ikipotea utakuwa mjinga mwenye njaa."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe langu. Anatoka Dar es Salaam, binti mzuri, kucha ndefu kama za mwewe. Tangu siku hiyo hanipiti bila kuniamkia.

Wapo wengine wa Dar wenye mikoba mikubwa ya kumeta, imeandikwa majina ya wageni ambao hawawajui na wageni hao hawawajui wao. Wa Arusha wanapenda ngozi yenye shanga pembeni, tena wanaitembeza mbele kama mtu anayemtembeza ndama wa maonyesho. Wawili wa Tanga wana pochi za ukindu zinazofanana rangi na mitandio yao, na hao walinikosha moyo. Wa kutoka Ziwa Viktoria wanataka mkoba wenye tumbo, uingie kila kitu na mwavuli juu. Lakini wa kwetu wa milimani, Eva, karibu wote ni begi la mgongoni na mikanda miwili imevutwa. Nikajiuliza kwa nini. Halafu nikaangalia njia yetu ya kushukia. Mteremko ule unataka mikono miwili mitupu, mmoja wa kushika mti na mwingine wa kushika sketi. Hayo mwandikie mwalimu wako. Asije akafikiri watoto wa Kipare hawajui kupendeza.

Zebedayo ndiye aliyenifungua macho zaidi. Unamkumbuka, mtoto wa marehemu dada yangu, anashona viatu na mabegi pale karibu na geti. Nilimuuliza kama anaona tofauti ya mkoa na mkoa. Akacheka.

"Mama mdogo, mimi sihitaji kuwauliza kwao wapi. Kila mkoa una zipu yake inayokufa. Wa Dar wananiletea cheni iliyokatika. Wa Arusha shanga zimemwagika. Wa milimani kwetu mkanda umeng'oka begani, kwa sababu wametia mahindi ya kuchoma, vitabu sita na nguo za wiki nzima."

Nikamwambia wakileta mahindi ya kuchoma ni kwamba wana akili.

Nilipokuwa nakaa pale, mjukuu wangu, macho yalikuwa kwa wasichana na moyo ulikuwa umerudi nyuma sana. Zamani sisi tulijuana kwa vikapu. Kikapu kikionekana kinapanda mlima, ulijua ni cha nyumba gani kabla hujaona uso wa aliyekibeba. Wa kutoka Kihurio walikuja na vikapu vya mdomo mpana, kwa sababu ya mpunga. Vya kwetu vilikuwa na shingo nyembamba na kifuniko, kwa sababu maharage yakimwagika kwenye mteremko huyaoni tena mpaka yaote. Mama yangu alisuka mstari mmoja mweusi chini kabisa, karibu na kitako. Hata kikapu kikichakaa mpaka kibaki kitako tu, mtu angesema hiki kilikuwa cha mama yake Zipora.

Mkoba wa dukani sikuujua mpaka babu yako alipokuja likizo kutoka kwenye mkonge, mwaka ule wa njaa ya unga wa njano wa msaada. Watu walitegemea aje na unga. Alikuja na unga kweli, lakini chini ya unga alificha mkoba mweusi wenye mdomo wa chuma. Ukiufunga unalia: ta! Nilimgombeza siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, nikaenda nao kanisani.

Eva, ile ta! ilisikika mpaka madhabahuni. Wanawake wote waligeuka. Mahubiri yakizidi urefu, naufungua na kuufunga, mchungaji anajua. Wiki iliyofuata wakaanza kuja nyumbani, mmoja mmoja, wanasema wamekuja kuomba moto, kumbe wamekuja kuusikia. Halafu bibi harusi wa kwanza akaja kuuazima. Akaja wa pili. Maharusi kumi na mmoja wa Mhezi waliingia kanisani na mkoba ule mkononi, na ndani ulikuwa mtupu, hauna hata leso. Huyo wa kumi na mmoja aliufunga kwa furaha mno, mdomo ukavunjika, ukanyamaza. Sikumlaumu. Sasa natunzia humo mbegu za maboga.

Siku hizo kitu kimoja kilitembea kijiji kizima. Leo kila msichana ana wake, na hakuna anayemwazima mwenzake, wanaogopa mkoba mmoja kuonekana kwenye picha za watu wawili. Sisemi ni vibaya. Nasema tu ilikuwa raha kuvaa kitu ambacho kesho yake kitakuwa kwa mwingine.

Haya. Turudi kwenye makosa.

Ijumaa ya pili nilirudi na bakuli langu limejaa wasichana wa chuo, nikaliweka kwenye uchaga wa jikoni, nikasema kesho nitawatenga na kuwahesabu kwa utulivu. Jumamosi asubuhi nikaenda kanisani kusafisha, ilikuwa zamu yetu. Nyuma yangu akaingia wifi yangu Lukia, dada wa babu yako, amepanda kutoka Kihurio na mchele wake kichwani, hakuniambia kama anakuja. Unamjua. Macho yamefifia lakini mikono haijui kukaa. Akaona moto haujawashwa, akasema nitampikia wifi.

Niliporudi nilisikia harufu kutoka mlangoni. Makande, Eva. Makande yameiva vizuri, na karanga za kutwanga, na kitunguu. Nilikuwa na njaa ya kufagia kanisa zima. Nikala sahani ya kwanza bila kuuliza. Nikala ya pili. Nikiwa nafuta kijiko kwa ulimi ndipo meno yakakutana na choroko. Nikajiuliza, choroko? Kwangu mimi makande hayana choroko.

"Wifi, haya makande umeyatoa wapi?"

"Kwenye bakuli lako la uchagani. Nikasema wifi yangu kazeeka vizuri, kayachanganya kabisa kabla mgeni hajafika."

"Lukia! Umewapika wasichana wa chuo!"

"Nani?"

"Wasichana! Wa Eva! Mia mbili na zaidi!"

Akachota kijiko, akaonja.

"Basi chumvi wamepata ya kutosha."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Nikachukua sahani yake, nikaanza kutenga, mahindi huku, maharage huku, nikisema labda nitaokoa hata nusu. Naye ananitazama kama anatazama mwendawazimu. Halafu akasema polepole, "Wifi, usihangaike. Niliona ni kidogo, nikaongeza kibaba kutoka kwenye gunia."

Hapo nikaweka kijiko chini.

Nikuulize, na useme kweli: tungemlaumu vipi? Mpare gani atakuta mahindi na maharage katika chombo kimoja asiinjike chungu? Kosa ni langu. Ningehesabu kwa mawe, asingeyapika. Lukia alipoelewa kuwa ni kazi yako ya shule, na kwamba bila hiyo utarudia, alilia kilio cha kweli, cha mtu mzima, akasema amemnyima chuo mjukuu wa kaka yake. Nilimbembeleza mpaka jioni. Ukimpigia simu mwambie yalikuwa matamu. Usimwambie kitu kingine.

Jumanne iliyofuata nikajiandaa kushuka nianze upya. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halikushuka. Ikabaki Ijumaa moja tu, tarehe sita, siku ya kufunga chuo, wasichana wote wanaondoka kwenda makwao na hawarudi mpaka baada ya mwaka mpya. Ikipita hiyo, hakuna tena wa kuhesabu.

Alhamisi barabara ikapitika, nikashuka na goti langu, nikafikia kwa Zebedayo. Nikamweleza. Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Mama mdogo, kwa nini ujitese? Si uliwaona wiki mbili nzima? Andika tu unavyokumbuka. Mahindi mia, maharage hamsini. Huyo mwalimu wa Mbeya atajuaje?"

Nikamwambia: Zebedayo, namba ya kutunga ni kibaba chenye nta kwenye kitako. Kikiwa mezani kimejaa, kikifika nyumbani kwa mtu kimepungua. Mtoto wetu akajenge shule yake juu ya nta? Akasema basi, mama mdogo, yaishe.

Asubuhi akanipa makopo matano ya maziwa anayowekea misumari. Kila kopo akalifunga kipande cha mkanda au kamba ili nijue lipi ni la nini. Kisha akaenda kwa muuza soda akarudi na ndoo nzima ya visoda, vile vizibo vya chupa. Nikasema sawa, hivi hata Lukia hawezi kuvichemsha.

Walianza kutoka saa mbili. Eva, sijawahi kuona! Masanduku ya magurudumu yanalia kwenye kokoto, ndoo, godoro, mmoja ana kuku. Mizigo hiyo sikuihesabu. Nilisema sanduku ni mzigo, mkoba ni mwili. Nilihesabu kile tu ambacho msichana hawezi kumpa mwenzake amshikie. Kisoda kikiingia koponi kinalia ting, na wao wakagundua, wakaanza kusimama wasikie wamewekwa wapi. "Bibi, mimi nimo?" "Umo." "Kopo gani?" "La wenye tumbo." Wakicheka hao. Mmoja wa huko Mwanza alipita, akazunguka ukuta, akarudi na mkoba wa mwenzake ili kunijaribu. Nikamwambia, "Pita zako, wewe tayari ni kisoda."

Yule wa Dar mwenye kipochi cha yai alikuja kuniaga akanikumbatia mbele za watu. Nikamtia maparachichi mawili mkononi kwa sababu mkobani hayakuingia.

Ikawa kama saa tano hivi. Walikuwa wanatoka kwa makundi, nami nimeshapata mwendo, kisoda, ting, kisoda, ting. Nikaamini tumeshinda.

Kisha akatoka mmoja peke yake. Mwembamba, sketi ya bluu, sijui wa wapi, sikumuuliza. Alikuwa na begi la mgongoni lakini hakulivaa mgongoni. Alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kidevu kimegusa juu yake, anatembea upandeupande kidogo kama mtu aliyebeba kuku asiyetaka kwenda sokoni.

Mama yako alitembea hivyo. Wewe ulimjua ameshakuwa mwalimu, ana mikoba ya kishua ya kubeba madaftari ya kusahihisha, labda hukuwahi kuona. Siku anaondoka kwenda chuo cha ualimu nilimsindikiza mpaka stendi ya Same. Begi lake lilikuwa la kijani, zipu imekufa, amefunga kwa kamba ya katani. Alilikumbatia tangu Mhezi. Nikamwambia, Beatrice, livae mgongoni kama watu, unanitia aibu. Akanijibu, "Mama, likiwa mgongoni silioni." Nikamwambia ndani mna nini cha kuangaliwa hivyo, sketi mbili na sabuni? Akapanda basi nalo kifuani, akakaa dirishani nalo kifuani, na mkono wa kunipungia ukakosekana, akanipungia kwa kidevu.

Sikuwa nimelikumbuka jambo hilo miaka mingi. Siku za ugonjwa zilikuwa zimekaa mbele ya siku nyingine zote. Nikimuwaza mwanangu namwona kitandani, na wewe pembeni na kitambaa chako cha maji. Sikuwa namwona tena anatembea.

Basi nilimwangalia yule binti. Alivuka barabara, akasubiri pikipiki ipite, akavuka tena, akaenda hivyo mpaka kwenye kona ya duka la mbolea. Nikasikia Zebedayo ananiita, "Mama mdogo, wanapita! Mama mdogo!" nikamsikia kama mtu yuko ng'ambo ya bonde. Sikugeuka. Nilikaa nikaangalia mpaka kona ikammeza.

Nilipogeuka, kundi kubwa lilikuwa limeshapita na kuingia kwenye basi, na basi limeshatia moto. Kisoda kilikuwa bado kiganjani kwangu, kimenichora meno yake, duara zima.

Zebedayo alikuwa ameinamia kiatu cha mtu, hakuwaona vizuri. Akasema, "Weka kumi." Nikasema siweki. Akasema, "Weka basi watano." Nikasema siweki hata mmoja nisiyemwona. Sijui kama walikuwa watano au ishirini. Nikafuta macho, nikaendelea na waliobaki mpaka saa nane geti lilipofungwa.

Hesabu ni hii. Tumehesabu mara tatu, mimi na Zebedayo, na mara zote imekuja sawa. Mabegi ya mgongoni, mia moja ishirini na saba. Vipochi vya kamba ndefu, sabini na nne. Mikoba mikubwa ya begani, hamsini na tisa. Mifuko ya kitambaa yenye maneno, thelathini na moja. Vikapu vya kusukwa, vitatu, viwili ni vya wale wa Tanga. Wasio na kitu kabisa sikuwahesabu, maana hawakuwa na kopo, na hilo ni kosa lingine la kwangu, liandike.

Na chini ya hesabu uandike hivi, kwa mkono wako, usipambe: kuna kundi lilipita bila kuhesabiwa, haijulikani wangapi, kwa sababu mhesabuji alikuwa anamwangalia mmoja. Mwalimu akiuliza huyo mmoja alikuwa na nini, umwambie au usimwambie, shauri lako, mama ni wako. Akisema kazi ina tundu, mwambie ndiyo, inalo, na mahali lilipo tunalijua. Akitaka kukurudisha mwaka kwa hilo, namba yangu ya simu unayo, mpe, nitaongea naye kwa adabu mwanzoni. Lakini tundu usilizibe. Nimeshuka mlima mara tano ili nikupe hesabu ya kweli, na hilo nalo ni sehemu ya hesabu.

Barua hii Manase ataishusha kesho asubuhi, ataikabidhi kwenye basi la Mbeya. Kaipokee mwenyewe, usimtume mtu.

Mjomba wako Manase anakusalimu, na rangi yake. Lukia anakusalimu sana, amerudi Kihurio jana, ameniachia mchele wote na ameapa hatagusa bakuli la mtu tena, nami nampa wiki mbili. Zebedayo anasema ukija na begi lililokatika atalishona bure. Wanakwaya wanauliza utakuja lini. Nisalimie wenzako wanaohesabu mikoa mingine, uwaambie wasitumie nafaka.

Mungu akutangulie kwenye kila mlango, na akukalie nyuma ukiwa unaandika. Akupe walimu wenye masikio. Akulinde na baridi, na njaa, na watu wanaokwambia weka kumi.

Yule binti mwenyewe yumo kwenye hesabu, usiwe na wasiwasi. Nilimtia kopo la mabegi ya mgongoni, lakini nilifikiri sana kabla ya kumtia, kwa maana wanaokumbatia hatukuwa tumewawekea kopo.

Ni mimi bibi yako, nakupenda kwa meno yote yaliyobaki,

Zipora.